Njeru wa Ireri na Ireri wa Njeru: Uhakiki wa Mantiki ya Faharasa

1. Utangulizi

Katika nchi ya Mbeere, upande wa Gachoka, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa pili jina la babu yake mzaa mama. Desturi hii, ambayo Wambeere wanaishiriki pamoja na Waembu na Wagikuyu, ina matokeo yaliyo mepesi kuyaona lakini mazito kuyashughulikia. Mtu aitwaye Njeru, ambaye baba yake ni Ireri, akipata mwana wa kwanza atamwita Ireri. Baba ni Njeru wa Ireri. Mwana ni Ireri wa Njeru. Mwana huyo naye akizaa, kifungua mimba wake wa kiume atakuwa tena Njeru wa Ireri. Majina haya yametwaliwa kwa ajili ya mfano tu, maana ni ya kawaida sana sehemu hizo. Lakini kanuni yenyewe si ya kubuni. Katika ukoo mmoja maneno mawili yale yale huwataja baba na mwana, na kinachowatenganisha ni mpangilio peke yake.

Makala haya yanakusudia kuhakiki, kwa kuutumia mfano huo, mantiki ambayo kwayo faharasa na vyombo vya kutafutia taarifa hufanya kazi. Swali ni hili: je, mantiki isiyotofautisha Njeru wa Ireri na Ireri wa Njeru yafaa kuhifadhi na kutafuta maarifa ya jamii ambayo kwake tofauti hiyo ndiyo msingi wa ukoo, urithi na ardhi? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba haifai, na kwamba dawa yake haitapatikana katika kuhesabu nafasi za maneno, bali katika sarufi.

2. Mantiki ya Boole na urithi wake

Mwaka 1854 George Boole alichapisha kitabu chake juu ya kanuni za fikra. Humo dhana zilichukuliwa kuwa ni makundi ya vitu, na kuunganisha dhana mbili kukawa ni kuchukua vile vilivyomo katika makundi yote mawili. Katika hesabu hii mpangilio hauna kazi: vitu vyeupe vyenye pembe ndivyo hivyo hivyo vitu vyenye pembe vilivyo vyeupe. Boole hakukosea, alikuwa anazungumzia sifa, na sifa mbili za kitu kimoja hazina ya kwanza wala ya pili.

Karne moja baadaye mantiki hiyo ilihamishiwa kwenye maktaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, nchini Marekani, Mortimer Taube alipendekeza kwamba kila hati itajwe kwa maneno mamoja mamoja yaliyo huru, na mtafutaji ayaunganishe mwenyewe wakati wa kutafuta. Viunganishi NA, AU na SI vikawa ndiyo sarufi nzima ya utafutaji. Vekta alizozieneza Gerard Salton katika miaka ya 1960 na 1970 ziliongeza uzito wa kila neno, lakini hazikurudisha mpangilio: hati ilibaki kuwa kapu la maneno.

Hasara yake huonekana mara moja katika Kiswahili. Mtafutaji aandikaye *dawa* NA *sumu* huletewa hati zihusuzo dawa ya sumu, yaani ya kumwokoa aliyesumika, pamoja na hati zihusuzo sumu ya dawa, yaani madhara ya dawa yenyewe. Kadhalika *historia ya lugha* si *lugha ya historia*, na *walimu wa mafunzo* si *mafunzo ya walimu*. Kinachofanya maneno haya yawe na maana ni kiambishi kimoja na kihusishi *-a*, yaani *ya*, *wa*, *la* na wenzake. Lakini katika orodha za maneno yanayopuuzwa na mashine, maneno haya mafupi ndiyo aghalabu hutangulia kutupwa, kwa hoja kwamba yamo katika kila hati na kwa hiyo hayasemi kitu. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Neno lisilosaidia kuichagua hati moja kati ya nyingi laweza kuwa ndilo linalosema hati hiyo inahusu nini.

3. Utetezi wa Cranfield

Yafaa utetezi wa upande wa pili usikilizwe, maana haukosi nguvu. Katika majaribio ya Cranfield nchini Uingereza, ambayo matokeo ya awamu yake ya pili yalitolewa mwaka 1966, Cyril Cleverdon na wenzake walilinganisha lugha mbalimbali za faharasa kwa mkusanyo wa hati 1,400, hasa za elimu ya vyombo vya anga. Matokeo yaliwashangaza wengi: maneno mamoja mamoja yaliyotolewa katika hati zenyewe hayakushindwa na mifumo iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa. Tangu hapo imekuwa desturi kusema kwamba kuonyesha uhusiano baina ya dhana ni anasa isiyolipa.

Lakini hapana budi kuuliza kwa nini maneno mamoja mamoja yalitosha. Mtu akitafuta hati juu ya mkondo wa hewa na ubawa wa ndege, hataletewa hati ambamo ubawa unaupitia mkondo kwa namna iliyo kinyume kabisa na ile aitakayo, kwa sababu hati kama hizo ni nadra, na pengine hazipo. Uhusiano haukutajwa, lakini ulikisiwa na maumbile ya mada. Mfumo ulifaulu kwa sababu ulimwengu ulikuwa umekwisha kuchagua mpangilio mmoja na kuuacha mwingine.

Bahati hiyo haipatikani Gachoka. Huko kinyume cha mpangilio si jambo la nadra; desturi yenyewe hukizalisha. Palipo na Njeru wa Ireri aliyejaliwa mtoto wa kiume, patarajiwe kuwapo Ireri wa Njeru. Kwa hiyo matokeo ya Cranfield hayawezi kufanywa kanuni ya jumla. Yanathibitisha tu kwamba mpangilio waweza kupuuzwa mahali ambapo kinyume chake hakitokei. Mahali ambapo kinyume hutokea kwa kanuni, kuupuuza mpangilio ni kuchanganya watu.

4. Nafasi ya neno na nafasi ya mshiriki

Wengine wamedhani kwamba tatizo hili humalizwa kwa kumruhusu mtafutaji adai maneno yafuatane kama alivyoyaandika. Hilo ni afadhali, ila halitoshi, kwa sababu nafasi ya neno katika sentensi si nafasi ya mshiriki katika tendo. Zitazamwe sentensi hizi:

(1) Mbwa amemuuma mtoto.
(2) Mtoto ameumwa na mbwa.
(3) Mtoto amemuuma mbwa.

Sentensi ya (1) na ya (2) zina mpangilio tofauti wa maneno lakini tendo ni moja. Sentensi ya (2) na ya (3) zote huanza na *mtoto* na kumalizia na *mbwa*, lakini zinasema mambo yaliyo kinyume. Mashine ifuatayo mfuatano wa maneno itaiacha (2) inapotafuta (1), na ikishapuuza viambishi itaichukua (3) badala ya (2). Kosa limehama tu kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Mantiki iliyohitajiwa hapa si ya Boole bali ya Augustus De Morgan, ambaye mwaka 1860 alitoa makala juu ya mantiki ya mahusiano. Kwake, kila uhusiano una kinyume chake: ikiwa A ni baba wa B, basi B ni mwana wa A, na kauli hizo mbili ni ukweli mmoja ulioangaliwa kutoka pande mbili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji alama mpya ili kulielewa jambo hili, kwa sababu lugha yake imekwisha kuliwekea mofimu. Kiambishi *-w-* cha kauli ya kutendwa ndicho alama ya uhusiano uliogeuzwa: huhamisha washiriki bila kubadili tendo. Kiambishi *-an-* cha kauli ya kutendana hutangaza kwamba mpangilio haujalishi. *Njeru na Ireri wanasaidiana* ni sawa na *Ireri na Njeru wanasaidiana*, na hapa kiunganishi cha Boole kinafaa kabisa. Nacho kiambishi *-i-* au *-e-* cha kauli ya kutendea huongeza mshiriki wa tatu. *Ireri alimgawia Njeru shamba* ina nafasi tatu, za mtoaji, mpokeaji na kitolewacho, na kuwabadilishana mtoaji na mpokeaji ni kubadili mwenye shamba. Mnyambuliko wa vitenzi vya Kibantu, basi, ni nadharia kamili ya mahusiano, na watunga faharasa wameizunguka bila kuiona.

Jambo moja zaidi lastahili kuangaliwa. Kiunganishi cha Boole kikitafsiriwa kwa Kiswahili huwa ni *na*. Lakini *na* ya Kiswahili si moja. Katika *Njeru na Ireri wamefika*, yaunganisha tu, na majina yaweza kupishana. Katika *Njeru ameitwa na Ireri*, yamtaja mtenda, na majina hayawezi kupishana. Katika *Njeru ana shamba*, yaonyesha umiliki. Kigikuyu, ambacho ni ndugu wa Kimbeere, humtaja mtenda wa kauli ya kutendwa kwa *nĩ*, wala si kwa *na*. Neno lililochaguliwa kuwa ishara ya mantiki isiyojali mpangilio ndilo hilo hilo ambalo, katika theluthi mbili za kazi zake zilizotajwa hapa, linajali mpangilio.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba sarufi humaliza kila utata. *Mauaji ya askari* yaweza kuwa ni askari kuua au askari kuuawa. Kihusishi *-a* kimeonyesha kwamba upo uhusiano na kukaa kimya juu ya upande wake. Hapo mtunga faharasa hana budi kuisoma hati yenyewe na kusema wazi ni nani mtenda na ni nani mtendwa.

5. Koma iliyopotea

Kanuni za kuorodhesha vitabu zilizotoka Ulaya na Marekani huamuru jina la ukoo litangulizwe, kisha koma, kisha jina la mtu mwenyewe. Kanuni hiyo ni nzuri kwa jamii yenye majina ya ukoo yasiyobadilika. Njeru wa Ireri anapoandikwa kwa kanuni hiyo huwa *Ireri, Njeru*. Mkutubi anajua kwamba koma ile ni ishara ya kupinduliwa. Lakini mashine nyingi huondoa alama za uandishi kabla ya kuyapanga maneno, na koma ikishaondoka kinachobaki ni *Ireri Njeru*, ambalo ni jina halali la mtu mwingine: baba wa mwandishi, au mwanawe. Wala hakuna dalili ya kosa. Jina lililoharibika lingetambulikana. Jina lililogeuka kuwa la mtu mwingine halitambulikani.

Kosa hili halikuwa la lazima. Kanuni za pamoja za Uingereza na Marekani za mwaka 1978 zilikubali kwamba majina ya Kiaisilandi yaorodheshwe kwa jina la mtu mwenyewe, kwa kuwa linalofuata si jina la ukoo bali hutaja mzazi. Waswahili wa pwani nao walikuwa na kinga yao: Muyaka bin Haji na Mwana Kupona binti Msham hawawezi kupinduliwa, maana *bin* na *binti* husema ni nani mzazi na ni nani mzaliwa, majina yakipangwa vyovyote. Bara, *wa* ilifanya kazi hiyo hiyo, mpaka ilipodondoshwa katika karatasi za ofisini na Njeru wa Ireri akabaki kuwa Njeru Ireri. Ilipodondoshwa *wa*, uhusiano ulibaki umeegemea mpangilio peke yake. Na mpangilio ndio ambao mashine haiutunzi.

6. Gachoka kama mahali

Majina ya mahali nayo yana mahusiano yenye upande. Gachoka imo ndani ya Mbeere; Mbeere haimo ndani ya Gachoka. Uhusiano wa *ndani ya* hupokezana: kilichomo ndani ya Gachoka kimo pia ndani ya Mbeere. Uhusiano wa *baba wa* haupokezani: baba wa baba si baba bali babu. Uhusiano wa *jirani ya* hauna upande. Mantiki ya NA huyafanya yote matatu kuwa kitu kimoja.

Historia ya utawala wa sehemu hiyo yaonyesha gharama yake. Kabla ya 1996 Mbeere ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu. Mwaka huo iliundwa Wilaya ya Mbeere, na Embu na Mbeere zikawa wilaya jirani. Baada ya Katiba ya 2010, na serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, Mbeere ilirudi kuwa ndani ya Embu, safari hii Kaunti ya Embu. Mwaka huo huo wa 2013 Jimbo la Uchaguzi la Gachoka lilipewa jina la Mbeere Kusini. Mtafiti atakayetafuta *Mbeere* NA *Embu* ataletewa vipindi vyote vitatu bila kuambiwa kwamba katika viwili uhusiano ulikuwa wa ndani na nje, na katika kimoja ulikuwa wa ujirani.

Hali ni hiyo hiyo akitafuta *Nyagah* NA *mbunge* NA *Gachoka*. Jeremiah Nyagah aliliwakilisha jimbo hilo hadi 1992. Mwanawe Norman alichaguliwa mwaka huo. Na mwanawe mwingine, Joseph, alichaguliwa 1997 na tena 2002. Baba na wana wawili hujibu ombi moja. Nani alimfuata nani, na nani ni mzazi wa nani, hayamo katika lugha ya ombi wala hayawezi kuulizwa kwayo.

7. Mpaka wa mpangilio

Uhakiki wa haki hauna budi kukiri kwamba mpangilio nao una mpaka wake. Ikiwa Ireri humzaa Njeru naye Njeru humzaa Ireri, basi jozi *Njeru wa Ireri* hurudi kila baada ya kizazi kimoja. Kuongeza jina la tatu hakusaidii: Njeru wa Ireri wa Njeru naye ana mjukuu wa jina hilo hilo. Mpangilio humtenga baba na mwana. Haumtengi babu na mjukuu.

Ajabu ni kwamba jamii yenyewe ililijua jambo hili na ikalikubali. Katika makala yake ya mwaka 1976 juu ya makundi ya vizazi ya Wambeere, Jack Glazier alieleza mfumo ambamo mwana haingii katika kundi la babaye, bali makundi hupokezana. Babu na mjukuu, walioshiriki jina, hushiriki na kundi. Lakini pembeni mwa mzunguko huo palikuwa na mfumo mwingine, wa rika, unaofuata wakati wa kutahiriwa, nao hauwarudishi babu na mjukuu mahali pamoja. Mzee aliyetaka kuwatenga wawili hao hakuongeza majina, alitaja rika. Alitumia mahusiano mawili ya aina mbili tofauti, moja la mzunguko na moja la mstari. Faharasa yoyote itakayotungwa kwa ajili ya maarifa ya Mbeere haina budi kufanya vivyo hivyo: itunze upande wa uhusiano, na itunze wakati wake.

8. Hitimisho

Si kweli kwamba haya hayajawahi kujaribiwa. Jason Farradane alipendekeza tangu miaka ya 1950 alama za kuonyesha aina ya uhusiano baina ya dhana, na Derek Austin alitunga mfumo uliotumiwa na bibliografia ya taifa ya Uingereza tangu 1971, ambamo kila dhana ilipewa alama ya kazi yake. Mfumo huo uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kuwa ulidai kazi nyingi ya watu. Katika miaka ya karibuni mashine zijifunzazo lugha, hasa tangu muundo uliotangazwa mwaka 2017, zimeanza tena kulitia kila neno alama ya nafasi yake. Ni hatua kubwa. Lakini alama hiyo husema neno liko wapi, nalo swali la nani kamtenda nani limeachiwa mashine ilikisie kutokana na wingi wa maandishi iliyosomeshwa. Lugha yenye maandishi machache, kama Kimbeere, ndiyo itakayokisiwa vibaya zaidi.

Nayo si mambo ya maktaba tu. Sheria ya mwaka 1968 ya uamuzi wa haki za ardhi nchini Kenya ilipotekelezwa Mbeere, madai ya koo yalisimama juu ya nasaba: nani alimzaa nani, na nani alimgawia nani. Kitabu cha Glazier cha 1985 juu ya ardhi na matumizi ya mapokeo huko Mbeere kinaonyesha jinsi nasaba zilivyokuwa silaha katika mabishano hayo. Kumbukumbu za namna hiyo zikiingizwa katika mashine isiyojua *wa*, shamba la babu laweza kusomeka kuwa la mjukuu, na aliyegawiwa akasomeka kuwa ndiye aliyegawa.

Kazi inayofuata, basi, ni ya idara za lugha kabla ya kuwa ya mafundi wa kompyuta. Kwanza, kihusishi *-a* pamoja na *na*, *kwa* na *bin* visitupwe katika orodha za maneno ya kupuuzwa. Pili, viambishi vya mnyambuliko vitumiwe kuwa alama za uhusiano, ili kauli ya kutenda na ya kutendwa zikutane, na ya kutendana iachwe huru. Tatu, majina ya watu yaandikwe pamoja na kiungo chake, na rika au mwaka vitajwe pale majina yanaporudi. Wazee wa Gachoka waliyatunza haya yote kwa kumbukumbu ya kichwa, bila karatasi. Mashine isiyoweza kufanya hivyo haijafikia ujuzi wao, hata ikiwa na hati ngapi.